Wasifu wa Babu Fremu: Kipepeo Aliyefichwa Jua

Marehemu tunayemsindikiza leo, aliyejulikana mtaa mzima kama Babu Fremu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tano wa karani wa posta na mshona nguo.

Alianza shule mwaka 1956 na kumaliza darasa la nane mwaka 1963. Daftari lake la hesabu lipo hadi leo. Kwenye ukurasa mmoja aliojaza michoro ya vipepeo, mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: “Hesabu sifuri, vipepeo kumi.”

Mwaka 1971 alifungua karakana ya fremu nyuma ya stesheni. Vyeti na picha za harusi vilimlisha, ila roho yake ilikuwa kwa vipepeo. Aliokota waliokwisha kufa, akawalaza siku mbili kwenye kopo lenye kitambaa kibichi mpaka mabawa yalainike, ndipo akawatandaza kwa pini na kuwafunika kioo. Ukimharakisha alikufukuza: “Unataka picha ya haraka? Nenda kanunue kalenda!”

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa muuguzi, Bibi yetu. Zawadi yake ilikuwa kipepeo wa bluu, mpana kama kiganja. Lakini akamfungia kabatini.

“Jua litamfifisha, mke wangu.”

“Zawadi gani hiyo ya kukaa gizani? Umenioa mimi au umemwoa yeye?”

“Wewe hufifii.”

Bibi alicheka, lakini hakuacha kumwomba amtundike sebuleni.

Mwaka 2019 marehemu alipata presha ya macho, na taratibu akapofuka. Machi mwaka huu alilazwa wiki sita. Bibi, kwa kuchoshwa na harufu, akavitoa kabatini na kuvitupa vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu alivyoviweka marehemu. Marehemu aliporudi akasema, “Mtundikeni sasa. Nimemwonea mke wangu karibu miaka hamsini.”

Kabati likafunguliwa. Ndani ya fremu zilibaki pini nne na unga wa kahawia. Wadudu walishammaliza. Bibi akaziba mdomo. Mjukuu wake wa sekondari akawahi kujibu: “Yupo, Babu. Bluu ile ile.”

“Na bawa la kushoto?”

“Zima kabisa, halina hata mkwaruzo.”

Marehemu akasema: “Basi mtundikeni. Asanteni.”

Baadaye Bibi alimweleza mjukuu kwamba bawa la kushoto lilichanika mwaka ule ule wa 1975, kwa kibano cha marehemu mwenyewe. Kumbe alijua tunamdanganya, na hakumuuliza mtu. Wiki tano alikaa chini ya fremu ile akiwaambia wageni, “Mwangalieni,” nao wakatazama kioo kitupu, wakasema ni mzuri.

Tulipanga kumwambia ukweli Jumapili, na Bibi aombe radhi kwa mdomo wake. Homa ya mapafu ikamchukua marehemu kabla ya hapo, Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Babu, kipepeo hakuwepo. Tusamehe, na upumzike kwa amani.