Chupa ya Limi na Mbung'o wa Tinde

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni asonge ugali haraka aje akae. Leo tunamkumbuka Bi. Limi Ngassa, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na mitatu. Ni mfagiaji aliyezuia ng'ombe wa Tinde wasiingie porini. Umesikia vizuri: mfagiaji.

Mwaka 1934 Limi alifagia maabara moja ya mbung'o huku Shinyanga. Mbung'o akimuuma ng'ombe, ng'ombe hukonda mpaka afe. Wanaume walichunguza mbung'o. Limi alifagia. Amri ilikuwa moja: mwanamke hagusi hadubini.

Mwezi wa nane mkuu wa maabara, Mzungu, akatangaza kwamba pori la Tinde limechomwa, ni safi. Alhamisi ng'ombe waingie. Wa kwanza ni arobaini wa mzee Ngassa, baba yake Limi.

Lakini Limi alikuwa ameokota kuni kule baada ya moto. Chini ya gogo akakuta vifuko vyeusi, vidogo kama mbegu. Ndani ya vifuko hivyo hulala mbung'o wachanga. Akavitia kwenye chupa ya mchanga, akafunga kitambaa. "Mama alilala na chupa hiyo kama mtu aliyejifungua jana," anasema binti yake, Paskazia.

Jumatano akaiweka mezani kwa mkuu.

Karani Akida akacheka. "Limi, hayo maganda tu! Moto ulipita pale, wamekufa."

"Basi kaa hapo kaka Akida, wakuume hao waliokufa."

Mkuu akatazama saa. Mpaka saa kumi. Visipopasuka, Limi akatafute kazi kwingine.

Saa nane, kimya. Saa tisa, kimya. Akida naye utani ukamwisha. Saa kumi kasoro dakika tano, mkuu akachukua kofia yake.

Mchanga ukatikisika. Kikatoka kichwa. Kisha mabawa yaliyojikunja. Mbung'o mmoja. Halafu wa pili.

Mkuu hakumtazama Limi. Akamgeukia Akida: "Umeviokota wapi?"

Wasikilizaji, jibu moja tu lingemfuta Limi. Akida akaitazama chupa. Akamtazama Limi.

"Mimi sijui, Bwana. Muulize mwenyewe."

Mkuu akamuuliza Limi. Mara ya kwanza tangu aanze kazi. Mtu wa baiskeli akatumwa Tinde, na ng'ombe wote arobaini wakabaki zizini.

Kesho yake ufagio ulikuwa mlangoni, unamngoja. Limi akauruka, akaketi kwenye hadubini. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Siku hiyo alifagia Akida, na inasemekana kona zote aliziacha.

Pole sana dada Paskazia, poleni ukoo wote wa mzee Ngassa. Nasi tuliobaki, kesho kazini tumtazame aliyeshika ufagio. Tumuulize ameona nini.