Mama Vyumba, Aliyegonga Mlango Bila Kudai

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vyumba, alizaliwa Jumatano, tarehe 7 Februari 1951, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala, alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akajifunza ushonaji, na mwaka 1968 akaajiriwa kwenye kiwanda cha sare, alikostaafu mwaka 2006 akiwa msimamizi wa wakataji vitambaa.

Mwaka 1972 aliolewa na mwashi, wakajaliwa watoto wanne, na mumewe alipofariki mwaka 1998 alimwachia nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita, ambayo aliisimamia bila dalali na bila kumtolea mtu vyombo nje, jambo ambalo familia inajivunia kuliko nyumba yenyewe.

Mpangaji akianza kukwepa, hapokei simu, anatoka kabla ya jua na kurudi watu wamelala, marehemu hakwenda kumdai, alikwenda kumwomba msaada, kwa mwalimu alikuwa amesahau miwani na anaomba asomewe barua, kwa dereva alitaka ushauri wa safari, maana aliamini kuwa anayejificha ameona haya, na haya humtoka akiombwa kitu anachokiweza.

Mwaka 2022 fundi umeme wa chumba cha nne alikaa miezi minne bila kulipa kodi, mkewe akisema hayupo na viatu vyake viko mlangoni, hadi wanawe marehemu, walioitegemea kodi hiyo kwa matibabu ya figo ya mama yao, wakanunua kufuli jipya la kumfungia fundi nje na kumwambia marehemu, "Mama, huyu anakufanya mjinga," naye akawajibu, "Basi niachieni ujinga wangu hadi kesho," akakata waya wa pasi yake kwa mkasi, akampelekea. Fundi aliitengeneza amechuchumaa kizingitini, na kabla hajamaliza alikuwa ameshasema kwamba alipoteza kazi na ndiyo maana alishindwa kumtazama marehemu usoni.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na fundi umeme, ambaye bado anakaa chumba cha nne na ameomba tumalizie na asubuhi iliyofuata siku ile ya pasi, ambapo marehemu alivaa viatu vyake vya kazini, akampitisha mbele ya wanawe, akaenda naye hadi kiwandani, akamwambia meneja kwamba amemletea fundi na mdhamini wake ni yeye.

Mungu akulaze pema, Mama, kazi umeifanya.