Matumbawe ya Shimoni Tuliyoyakuta Meupe

Risala ya Kikundi cha Ushairi, Shule ya Upili ya Wasichana ya Nyakowiti, Migori, kwa Mgeni Rasmi, Mzee Hemed Athman, Siku ya Wazazi, Oktoba 1998. Imesomwa na Helen Adhiambo, kiranja wa kikundi.

Mgeni rasmi Mzee Hemed, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wetu kutoka Migori, Homa Bay na Kuria, hamjambo.

Makaribisho

Mzee, karibu sana. Hapa kwetu wewe si mgeni hasa. Wengi wetu tumevaa sare zilizokatwa kwenye duka lako pale mjini, na kila tulipokuja kununua kitambaa ulituuliza habari za masomo kabla ya kutuuliza tunataka mita ngapi. Leo umevaa kanzu nyeupe na umekuja na mkeo, Mama Asiya. Tumefurahi. Tungefurahi zaidi kama habari tuliyo nayo ingekuwa nyingine.

Mwalimu Mkuu, tunakuomba radhi mapema. Risala uliyoipitisha ilikuwa fupi kuliko hii.

Historia ya kikundi

Kikundi hiki kilianzishwa mwaka 1996 na Mwalimu Kerosi wa Jiografia. Kilianza kwa kukariri mashairi ya kumkaribisha afisa wa elimu, basi. Aliyekibadilisha ni mwenzetu mmoja, Bhoke Mirumbe.

Bhoke ni mtoto wa Kikuria. Baba yake alipofariki, mama yake alihamia Masara, akawa anaponda mawe ya dhahabu. Bhoke alikuwa hajawahi kuona bahari. Siku moja alitumwa dukani kwako kuchukua kitambaa cha mapazia ya bwenini, akakukuta unamsimulia mteja jinsi ulivyokuwa ukipiga mbizi kwenu Shimoni, pwani, ukiwa kijana. Akasahau mapazia. Alirudi jioni, Matroni akiwa amekasirika, naye anatutajia samaki: pono, kitatange, kangaja, tafi, tewa. Alisema chini ya maji kuna mawe yaliyo hai, yanaitwa matumbawe, na samaki wanaishi humo kama watu wanavyoishi mtaani, kila mmoja na mlango wake.

Tangu hapo kila Jumamosi aliomba ruhusa ya kwenda mjini. Wewe ulisimulia, yeye akatunga.

Mafanikio

Kwa shairi lile tulishinda wilaya, kisha mkoa. Ubeti wake wa kwanza unaujua:

*Pono kavaa kijani, kitatange na manjano,*
*Chini ipo bustani, isiyopata mfano.*

Bhoke alikuwa akighani mbele, nasi nyuma tukiitikia: "Njoni muone! Njoni muone!" Tulipoitwa Mombasa kwa mashindano ya mwezi wa Aprili, wewe ndiye uliyetulipia basi. Ulituambia, "Msirudi kabla hamjafika kwetu Shimoni. Mkayaone kwa macho."

Tulifika, Mzee.

Yaliyotupata Shimoni

Ilikuwa siku moja kabla ya mashindano. Mwalimu Kerosi alitupeleka, tukapanda mashua yenye kioo sakafuni. Bhoke alipiga magoti juu ya kioo kabla hatujaondoka ufukweni. Alikuwa akicheka peke yake.

Tulipofika juu ya mwamba alisogeza uso karibu na kioo. Sisi tulidhani bado hatujafika. Chini kulikuwa kweupe. Mawe yalikuwa meupe kama yamepakwa chokaa, kila upande, mpaka macho yalipokomea. Samaki walikuwepo wachache, wakizunguka kama waliofika nyumbani wakakuta hakuna mtu.

Bhoke alimuuliza nahodha, "Ni hapa kweli?"

"Ni hapa, mwanangu," akajibu. "Maji yamekuwa moto tangu mwezi wa tatu. Mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu pia. Hatujapata kuona haya."

Mwalimu Kerosi alitueleza tukiwa pale pale. Tumbawe ni mnyama, na ndani yake huishi mimea midogo sana inayompa rangi na chakula. Maji yakizidi joto, tumbawe huitema ile mimea, akabaki mweupe na njaa. Joto likipungua mapema huweza kupona. Likikaa, hufa, na samaki waliokula na kujificha pale hawana tena pa kwenda. Alisema mwaka huu bahari imechemka kwa sababu ya El Nino, ile ile iliyotuletea mvua iliyobomoa daraja letu mwaka jana. Lakini wataalamu wanasema pia kwamba dunia yenyewe inazidi kupata joto kwa moshi wa viwanda na magari, na kwamba miaka kama huu itarudi, tena kwa karibu karibu.

Njia nzima ya kurudi Bhoke aliangalia mikono yake.

Kesho yake tulipanda jukwaani. Ubeti wa kwanza aliughani kama tulivyozoea. Wa pili haukuwa ule tunaoujua:

*Pono nimemtafuta, kitatange kaondoka,*
*Bustani nimeikuta, mifupa iliyochoka.*

Nasi, kwa mazoea, tukaitikia kwa nguvu zetu zote: "Njoni muone! Njoni muone!" Mama mmoja aliyekaa mbele alivua miwani akapangusa macho. Lakini majaji walisema hatukufuata shairi tulilowasilisha, tukawa wa mwisho. Tulipoulizwa nani amelibadilisha, Bhoke alisema "Ni mimi" kabla yeyote hajafungua mdomo.

Changamoto

Tuna upungufu wa vitabu, na tangi la maji linavuja. Hayo yanajulikana.

Mzee, tuliporudi kutoka Mombasa ulikuja kutuona, ukatubebea halua. Ulituuliza, "Mliyaona?" Sisi tulijibu, "Ndiyo, yanapendeza sana." Ukasema alhamdulillahi, na ukatuambia kwamba Disemba utawapeleka wajukuu zako. Tulijibu hivyo kwa sababu tuliambiwa moyo wako usivunjwe, na shule ilikuwa imeanza kuzungumza nawe kuhusu kutujengea maabara.

Bhoke hakuwepo kwenye halua. Alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alitakiwa aombe msamaha mbele ya shule na aahidi kunyamaza. Alisema, "Kubadilisha shairi, nitaomba msamaha. Kumficha Mzee, siwezi." Matroni alimbembeleza, "Nyathina, mtoto wangu, sema tu pole yaishe." Akatikisa kichwa. Alipelekwa nyumbani mpaka aje na mzazi. Mama yake hakuwa na siku ya kuacha kazi, na Bhoke hajarudi.

Mwezi uliopita mimi na mwenzangu Liz tulikwenda Masara. Tulimkuta anaponda mawe na mama yake, nywele zimejaa vumbi. Hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Mzee ameambiwa?" Tukasema bado. Akaweka nyundo chini. "Mwambieni kabla ya Disemba. Asije akayaona akiwa ndani ya mashua, wajukuu wamemkalia mapajani."

Ndiyo sababu tunakusomea haya leo, Mzee. Matumbawe ya kwenu tuliyakuta meupe. Hatujui kama yamepona. Pole sana. Tunasikitika kwamba hatukukwambia siku ile ulipotuuliza.

Maombi

Tulikuwa tumeandaa ombi la maabara. Tumeliondoa. Tunamwomba Mwalimu Mkuu, mbele yako na mbele ya wazazi, amwite Bhoke darasani mapema, kabla mitihani ya mwisho wa muhula haijaanza. Nawe tunakuomba umpokee dukani akija, hata kama hutaki tena kusimulia.

Mungu akulinde wewe na Mama Asiya, awape wajukuu zako umri mrefu na bahari ya kuogelea.

Ni sisi, Kikundi cha Ushairi cha Nyakowiti: Helen, Liz na wenzetu wote waliosimama hapa nyuma yangu, na Bhoke Mirumbe, mtunzi wetu, aliye Masara.