Hilkka Vornanen na Toleo la 4.7.3

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, mwenzetu Hilkka Vornanen alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Mei, hapa ofisini kwetu Tampere. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya mkurugenzi, mimi ndiye niliyempa Hilkka kazi nyingi kuliko wote. Siwezi kubisha.

Hilkka alipanga matoleo ya maktaba zetu tano za msimbo huria, yaani mafungu ya msimbo ulioandikwa tayari ambayo waandishi wa programu huyatumia kuunganisha kazi zao na hifadhidata yetu. Kwake namba ya toleo, yenye sehemu tatu kama 4.7.3, ilikuwa ahadi. Ya mwisho ikipanda, tumerekebisha tulichoharibu. Ya katikati, tumeongeza kitu. Ya kwanza ikipanda, mtumiaji akae chonjo, maana huenda programu yake ikagoma. Kwetu ya mwisho ndiyo iliyopanda kwa kasi, na mara nyingi jina langu halikuwa mbali.

Mwaka 2015 niliwashawishi wenzangu kwamba maktaba zote tano zivae namba moja, ili jedwali kwenye tovuti lipendeze. Ile ya lugha ya programu ya Ruby ikaruka kutoka 2 hadi 4 asubuhi moja, bila kubadilika hata nukta. Kwa wiki tatu watu walituandikia wakiitafuta 3. Niliwajibu kwa adabu kwamba haipo, wakadhani tunawaficha. Hilkka alikatiza likizo yake ya Julai, akamjibu kila mmoja, na tangu hapo kila maktaba ikahesabu namba zake yenyewe.

Mwezi Mei mwaka huu, nikiwa sijajifunza kitu, nilipanga kumuaga kwa toleo la 5.0: maktaba zote tano, siku yake ya mwisho, kwa heshima yake. Kilichobadilika ndani kilikuwa kosa moja dogo la saa katika maktaba ya Java. Keki yenye 5.0 ya krimu ilikuwa imeshafika. Hilkka aliiona ratiba wakati wa kahawa, akaweka kikombe chini.

"We Tuomo, una akili kweli? Watu waache kazi zao Ijumaa nzima wakague tumewavunjia nini, kisa mimi naenda nyumbani? Futa hiyo. Na keki nayo kaikwangue!"

Niliikwangua kwa kisu cha siagi, mbele ya idara nzima. Saa nane mchana Hilkka alitoa 4.7.3 ya Java peke yake. Zile nne hazikuguswa. Tulikaa hadi saa kumi tukisubiri malalamiko, hayakuja. Akafunga kompyuta, akakabidhi kadi ya mlango, akanikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nililia bila aibu.

Hilkka, asante kwa kuwalinda watumiaji dhidi yetu, na hasa dhidi yangu. Idara nzima inakuombea afya, mapumziko na siku nyingi za furaha. Tangu Jumatatu ratiba ya matoleo iko mikononi mwangu. Leo ni Alhamisi, na sijathubutu kupandisha namba hata moja.

Tuomo Hietala