Kinini ya Constantin

Ku mubao ya kukalia ya Maman Adèle, hapa fasi njia inaanza kupanda Kadutu, kahawa iko chungu na sisi leo tuko wachungu kuipita. Jana wamekamata Citoyen Constantin, mukubwa wa famasi ku hopitali. Alikuwa anauzisha dawa ya wagonjwa. Constantin huyu huyu mwenye anasoma masomo ku misa. Dimanche yenye imepita alinipa mukono ya amani, na mimi mujinga nikamuchekea. Natamani nikakwangue ule mukono na jiwe.

— Ni njaa, akasema Lucien, mwenye tunaita Profesa juu alifukuzwa ku iniversite. Anatoa kartoni moja, anajiambia: nitarudisha mwisho wa mwezi.

— Atarudisha na nini? Na rozari?

Huyo ni Firmin. Tunamuita Tribinali, anahukumu hata mbuzi za watu.

— Ya pili inakuwa nyepesi, Tribinali. Ya tatu haisikii tena. Hajioni mwizi. Kwake mwizi ni ule anavunja mulango, na yeye iko na ufunguo.

— Ni abacost, ile suti ya wakubwa, akasema Maman Adèle, akitumiminia. Walimupa biro ya kazi, akashona tatu. Sasa lazima akule na wenye abacost.

— Hapana, ni kiti, Profesa akakaza. Kile ya kuzunguka. Mutu akizunguka sana, kichwa inasahau wagonjwa wako upande gani.

— Funga kinywa na kiti yako, akasema Firmin. Aliwaona kila asubuhi, aliwasalimia, halafu akachagua. Na wale wananunuaka kwake, nao wafungwe. Wote wameua.

Hakuna mwenye alibisha. Tulisikia vizuri kabisa, kuwa na haki hivyo.

Hapo Noëlla akafika, jirani yetu, mwalimu wa primeri. Anahema. Tangu juzi mutoto wake iko hopitali na malaria.

— Docteur anataka dawa ya kinini ya sindano leo leo, na famasi haina hata moja. Yenye inabakia iko Kadutu, kwa shemeji ya Constantin, mwenye anamuuzishiaka. Papa Firmin, niende kununua kwa wezi, ao nirudi kwa mutoto mikono mitupu?

Profesa akaangalia kikombe. Mimi nikaangalia barabara. Maman Adèle akashika birika bila kumimina.

Firmin akasimama, akavaa kofia yake.

— Twende. Shemeji atakuwa amefunga mulango ya mbele. Tutapitia ya nyuma, mimi naijua.