Jumamosi za Kamanthe Ndolo, Mpuliza Filimbi wa Iveti Wanderers

Waombolezaji wapendwa, historia hii tumeiandika kama familia tukiwa tumeketi pamoja, na inasomwa na mdogo wake marehemu, Antony Mutiso, ambaye ameombwa na mume wa marehemu aisome yote bila kuruka, hata pale inapomgusa yeye mwenyewe.

Kamanthe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 karibu na soko la Muthetheni, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Mutiso na marehemu mama Mwikali. Alianza shule mwaka 1973, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, kisha akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi cha kijiji, na katika miaka hiyo ndiye aliyekuwa akipuliza filimbi katika kundi la ngoma la vijana, kwa maana alikuwa na pumzi ambayo wavulana wenyewe hawakuwa nayo.

Mwaka 1984 alifika Machakos mjini na kuweka cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa la babake Bwana Shaaban, naye hakuhama hapo kwa miaka arobaini, akawashonea watu wa mji huu sare za shule, kanzu za kwaya na nguo za harusi. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa takatifu na Bartholomew Ndolo wa Kola, wakajaliwa Wavinya, Mumo na Ndanu, na wajukuu wanne.

Klabu ya Iveti Wanderers ilipoanzishwa, mji huu ukapata kwa mara ya kwanza timu ya wachezaji wa kulipwa ya kuiita yake, Shaaban, jirani yake wa barazani, akachaguliwa mwenyekiti wa mashabiki, na Kamanthe akashona bendera. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2022, katika mechi ya kwanza, vijana walikuwa wamefungwa mawili kufikia mapumziko na watu wakaanza kuondoka, ndipo Kamanthe, ambaye alikuwa amekuja tu kuona bendera zake zikipepea, akaomba filimbi ya mtu mmoja wa ngoma, akasimama kwenye ngazi na kuipuliza, wanawake wakaanza kucheza, uwanja ukaamka, na mechi ikaisha tatu kwa mbili. Usiku huo alirudi Kola bila sauti, na Bartholomew anasema hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu harusi yao.

Timu ilishinda mechi saba za nyumbani mfululizo, filimbi ikiwa pale kila mara, watu wakamwita Mwaitu wa Filimbi, yaani Mama wa Filimbi, na kumpisha kwenye foleni. Tarehe 18 Februari 2023 alilala nyumbani na homa, na siku hiyo ndipo timu ilipofungwa nyumbani kwa mara ya kwanza. Jumatatu yake, kutoka steji hadi barazani kwake, watu kumi na mmoja walimwuliza alikuwa wapi, wa kwanza wakiuliza kwa mzaha, lakini mama mmoja wa mboga, aliyekuwa amemzoea kwa miaka mingi, alimgeuzia mgongo. Kamanthe aliwahesabu, akamwambia bintiye Wavinya idadi yao, na tangu siku hiyo hakukosa tena. Tarehe 24 Juni 2023 timu ilipanda ligi kuu, wakambeba mabegani kuzunguka uwanja, na Wavinya, aliyekuwa karibu, aliona kwamba mamake alikuwa akitabasamu huku akiwaomba wamshushe, na hakuna aliyemsikia.

Tarehe 11 Machi 2024, baada ya kuvimba miguu kwa muda mrefu na kuficha, aliambiwa kwamba figo zake zimeharibiwa na presha, na kwamba lazima asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi, nafasi iliyopatikana ikawa ya Jumatano na Jumamosi mchana, na mechi za nyumbani nazo zilikuwa Jumamosi mchana.

Bartholomew alimsihi aache uwanja, naye alikubali kwa moyo wote, akamtuma Mumo kwa Shaaban kueleza kwamba mama hajisikii vizuri. Lakini Jumamosi iliyofuata mashabiki walifika Kola wakiwa wamejaa lori, na ngoma, wakaimba langoni kwa heshima na upendo hadi akatoka amevaa. Hakuwa amewaambia ni ugonjwa gani, na alitukataza sisi pia kusema, kwa sababu alijua wangemwonea huruma na bado wangemtaka. Wavinya alipomkalisha chini na kumwuliza anamwogopa nani, alijibu hivi: "Nikikaa huko kwa mashine halafu vijana wafungwe, Jumatatu nitapitia wapi nikienda kazi?" Kisha akasema polepole, "Hawa watu wananipenda, lakini wamenifungia mlango kwa nje."

Daktari alimweleza waziwazi kwamba kila Jumamosi anayokosa, maji na sumu vinabaki mwilini na moyo ndio unaobeba. Alikosa Jumamosi kumi na sita. Timu ilishinda kumi na tatu kati ya hizo, na kila ushindi ulizidi kumbana, kwa kuwa baada ya kila ushindi aliyekuwa akimwamini kwa mzaha alianza kumwamini kweli. Ndugu yake, anayesoma maneno haya, alimpeleka mara tisa kwa pikapu yake, akijua hali yake, kwa sababu yeye pia alitaka kushinda.

Tarehe 3 Mei 2025, dakika ya sitini, mlio wa filimbi ulikatika katikati, na Kamanthe akaanguka ngazini. Shaaban alifuata hadi hospitali, akasimama kando ya kitanda akiiona ile mirija, na Wavinya akamweleza yote. Shaaban alilia, akamwuliza Kamanthe, "Mama Wavinya, tumeketi kizingiti kimoja miaka hii yote, kwa nini hukuniambia?" Naye akamjibu, "Ungefanya nini, Shaaban? Wewe ndiye ulikuwa unakuja na lori." Shaaban alitoka pale, akawaita mashabiki wote, akawaambia ukweli, na akasema atakayemwuliza mama huyu habari za mpira aje aulize kwake kwanza.

Jumamosi tarehe 17 Mei timu ilicheza bila filimbi. Kamanthe alikuwa kwenye mashine, redio ndogo ya mwuguzi ikiwa karibu, na vijana wakashinda mbili bila. Alimtazama mumewe na kusema, "Kumbe wangeweza." Hakulisema kwa furaha tu, na sisi tuliokuwepo hatujajua hadi leo namna ya kulibeba neno hilo.

Hakukosa tena hata siku moja ya matibabu, ila moyo ulikuwa umeshachoka, na alituacha Alhamisi tarehe 28 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na wiki mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumlaumu, majirani wa Kola waliotulimia shamba tulipokuwa hospitalini, mafundi wenzake wa barazani, jumuiya yake ndogo ya Kikristo, na Bwana Shaaban na nyumba yake. Wachezaji na mashabiki wa Iveti Wanderers mliofika leo, tunawashukuru pia, hatuna kinyongo nanyi, kwa sababu nasi tulikuwa ndani ya lile lori. Tunawaomba jambo moja tu, kwamba kaburini filimbi isipulizwe, na kwamba msimtafute mtu mwingine wa kuweka mahali pake.

Lala salama, Kamanthe, upumzike, hakuna tena mahali unapotakiwa kufika.