Pétronille Hakuwa Mama Uchafu

Padri wetu, wazee wa Rugenge, majirani, na ninyi ndugu mliotembea kutoka Runingu tangu alfajiri, familia imemtuma Donatien, kaka mkubwa wa marehemu, asimame mbele yenu na kuyasoma maisha ya Pétronille Nabintu, nayo inawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu wengi wenu mlimfahamu kwa jina ambalo baba yake hakumpa.

Pétronille alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 hapa Rugenge, mtaa wa mji wa Uvira, mtoto wa tatu wa marehemu Sévère, mvuvi, na marehemu Spès, aliyelima mihogo kwenye mteremko juu ya mji. Alikuwa mtoto mrefu, mwenye kicheko kilichosikika kabla yeye mwenyewe hajafika, na mama yake alizoea kujua kama binti amerudi kutoka ziwani kwa kukisikia kicheko hicho njiani.

Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia 1946, akamaliza 1952, kisha akaingia foyer, mahali wasichana walipofundishwa kushona, kupika na kulea watoto, na huko ndiko sindano ilipompenda, hata masista wakampa kazi ya kushona nguo za altare.

Mwezi Julai 1956 walikuja wapiga sinema wa serikali ya kikoloni, wakitaka kutengeneza picha ya kufundisha usafi, yenye wanawake wawili, mmoja mwema na mmoja mbaya. Masista walimtoa Pétronille kwa sehemu ya mke mwema. Mzungu mwenye mashine aliwatazama wasichana juani, akamwona Pétronille mrefu mno na mweusi mno kwa mke mwema, akamweka upande wa pili, akaagiza apakwe majivu miguuni na avalishwe nguo iliyochanika. Alikubali kwa sababu aliambiwa ni mchezo, tena mchezo wa kuchekesha, naye alipenda kuchekesha. Basi akacheza mwanamke anayelala mchana huku sufuria zikinuka, anayekataa kumpeleka mtoto dispansere, na ambaye mwishoni anamlilia mtoto aliyekufa. Mtoto huyo hakuwepo, lilikuwa furushi la vitambaa alilolifunga yeye mwenyewe. Picha ilichukuliwa hapa Uvira, lakini sauti ilitiwa mbali, na mwanamume ambaye hakuwahi kumwona ndiye aliyesema kwa Kiswahili juu ya uso wake, "Huyu ni Mama Uchafu."

Mwaka uliofuata gari la sinema lilipita uwanda wote wa Ruzizi, likapanda hadi Mulenge, shuka nyeupe ikatundikwa kila palipo na kiwanja, na watu ambao hawakuwahi kuona picha ikitembea waliona moja, wakaamini walichokiona. Sokoni wanawake walianza kuvuta vikapu vyao alipopita. Watoto walimfuata wakiimba lile jina. Mwanzoni aliwajibu kwa kicheko, baadaye akaacha kwenda sokoni saa za watu wengi, na mwisho nyumbani kwao wakazoea asubuhi zisizo na kicheko chake.

Kati ya watu wote hao, mmoja aliiona picha ile mara nyingi kuliko wengine, naye hakuamini. Huyo ni Firmin, kijana wa Runingu, msaidizi wa gari la sinema, aliyebeba makopo ya filamu na kusimamisha shuka. Alikuja mwenyewe mpaka kwa mzee Sévère, akakaa, akamwambia Pétronille mbele ya baba yake, "Dada, minye nakuona kila siku. Pale mwisho watu wote wanalia, lakini weye unaficha uso mu vile vitambaa sababu unacheka. Mabega yako iko inatetemeka ya kicheko. Minye peke yangu njo najua." Pétronille alicheka siku ile, na familia inakumbuka kwamba Spès aliacha kusonga bugali, akatoka nje kusikiliza.

Walifunga ndoa tarehe 11 Julai 1959, ingawa mama yake Firmin, mama Georgette, aliye nasi hapa leo, alikuwa amemwambia mwanawe, "Unaniletea ule muntu aliua mutoto." Firmin alijibu, "Mama, ile ni sinema, mutoto hakukuwa." Mama Georgette akasema, "Minye nilimuona na macho yangu."

Mungu aliwapa mtoto wa kiume, Venant, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1960, wiki chache kabla ya uhuru, na Pétronille akamlea kwa namna ya mtu anayetazamwa, akichemsha maji, akifua nepi, akimpeleka dispansere hata kwa kikohozi kidogo, mpaka wauguzi wakamwomba apunguze kuja. Surua ya Machi 1962 ilimchukua Venant pamoja na watoto wengi wa Rugenge. Mama wengine waliomboleza na kufarijiwa. Yeye alipokaa chini na mwili wa mwanawe mapajani, alisikia nyuma yake mtu akinong'ona kwamba ile picha imetimia, naye akauficha uso wake kwenye nguo za mtoto, kisha akauinua upesi, kwa kuogopa watu wasidhani anacheka. Jambo hilo alimwambia kaka yake miaka mingi baadaye, akasema kwamba hata kilio walimnyang'anya.

Binti yao Félicité alizaliwa tarehe 20 Januari 1963.

Mwezi Mei 1964 waasi waliingia Uvira, na kikosi kimoja kikachukua gari la sinema pamoja na Firmin. Vijana wa kikosi kile walipenda picha za vita, walijifunza humo namna ya kutembea, ya kuvaa kofia, ya kushika bunduki kiunoni, na wengine walijipa majina ya watu waliowaona kwenye shuka. Mwezi Agosti mkubwa wao aliamuru zionyeshwe picha za wakoloni, ili raia waone walivyodharauliwa. Firmin alisema filamu ya Mama Uchafu imeharibika. Wakaifungua wenyewe, wakaona haijaharibika, watu wakaitwa kiwanjani jioni, na Pétronille akaja na Félicité mgongoni, kwa sababu kutokuja kulikuwa kosa.

Uso wake ulipotokea, umati wote uligeuka kumtazama. Mkubwa wa kikosi akamwita mbele, akamuuliza, "Nani alikutuma kututukana?" Firmin akaacha mashine ikizunguka, akasimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikaufunika uso wa mkewe kwenye shuka, akasema, "Ni bibi yangu. Minye njo nilikuwa natembeza hii sinema. Kama iko kosa, iko ya minye." Walimchukua palepale, na tarehe 19 Agosti 1964 wakampiga risasi kando ya mto Kalimabenge. Familia haikuruhusiwa kumlilia.

Baada ya hapo mama Georgette alikuja Rugenge, akambeba Félicité ampeleke kwake Runingu, akasema maneno ambayo familia inayasoma bila kumhukumu, kwa sababu naye alikuwa amefiwa na mwanawe: "Amemaliza mutoto, amemaliza na baba yake, huyu hatamumaliza." Mwezi Oktoba jeshi la serikali liliuteka mji, Pétronille akakimbilia Burundi kwa miguu na majirani, akarudi Aprili 1965, na kituo chake cha kwanza, hata kabla ya nyumbani, kilikuwa Runingu. Mtoto alimwangalia kutoka mlangoni, kisha akakimbilia sketi ya bibi yake akimwita mama. Alirudi tena na tena, na kila mara akaketi nje ya ua mpaka jua lilipomzidi.

Mwaka 1966 wapiga sinema walikuja bandarini Kalundu kuwapiga picha wakimbizi waliorudi, naye alikuwa mmoja wao. Walimwomba akae chini na kunyoosha mkono. Alibaki wima, akasema jina lake lote, la baba yake na la mume wake, kisha akauliza, "Hiyo mashini iko inasikia?" Wakamwambia haisikii, sauti itatiwa mji mkuu. Akasema, "Basi musinikamate picha." Mashine iliendelea kuzunguka. Picha hiyo ipo mahali, wala familia haijui mwanamume gani anasema juu yake, wala anamwita nani.

Tangu 1965 alifanya kazi katika chumba cha ushonaji cha parokia. Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa 1967, ikagunduliwa kifua kikuu, akalazwa mara kadhaa. Aliomba kitu kimoja tu, Félicité. Kaka yake alikwenda Runingu, akajibiwa kwamba mtoto ataambukizwa, na jibu hilo halikuwa la uongo, ndiyo maana alirudi bila mtoto. Pétronille alifariki tarehe 9 Machi 1969, saa nne asubuhi, hospitalini Uvira, akiwa na miaka thelathini na mmoja, uso ameuelekeza mlangoni.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia dawa zilipokosekana, majirani wa Rugenge waliompikia, na washonaji wenzake wa parokia, walioishona nguo aliyovaa leo.

Félicité, mtoto wetu, upo hapa, umesimama karibu na bibi yako. Utakapokua utaambiwa kwamba watu walimwona mama yako. Walimwona Mama Uchafu, ambaye hakuzaliwa popote wala hakumzaa mtu. Mama yako ni huyu, alikubeba mgongoni, alitembea mpaka Runingu kwa ajili yako. Mama Georgette, familia haina neno lingine nawe leo isipokuwa ombi: mwachie mkono mtoto, aje atupe udongo wa kwanza kaburini.

Pétronille Nabintu, binti ya Sévère, mke wa Firmin, mama wa Venant na wa Félicité, pumzika sasa kwa amani, mahali ambapo hakuna anayekutazama.